Kidonge Namba Nne

Inspekta Mwanaharusi Bilali alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake wa kituo cha Bagamoyo: haketi mpaka ameonyeshwa kitu chenyewe kilichoharibika. Chai hataki, pole hataki, na habari za nani hampendi nani atazisikia tu, maana hazijawahi kumpita. Kwa hiyo Jumatatu ile asubuhi, Dokta Zeyana Darwesh alipompokea kwenye mlango wa maabara ya mchanga pale Dunda na kuanza kumtajia mhalifu kabla salamu hazijaisha, Mwanaharusi alimsikiliza kwa sikio moja tu.

"Ni Najim, afande. Dokta Najim Rajabu. Andika hilo jina, usijisumbue na mengine."

"Kalamu yangu bado ina kifuniko, Dokta. Nionyeshe sanduku."

Dokta Zeyana ndiye aliyekuwa mkuu wa utafiti pale, mwanamke wa miaka thelathini na nane, mrefu, buibui lake limepigwa pasi mpaka linakaribia kusimama lenyewe. Harufu ya udi ilimtangulia hatua mbili kila alikokwenda. Hakupenda kujibiwa vile, na hakuficha. Alifumba mdomo akaongoza njia.

Chumba cha ndani kilikuwa na meza moja pana, na nyuma yake alisimama Amin, afisa usalama wa mionzi, kijana mwembamba mwenye koti jeupe na uso wa mtu ambaye hajalala. Alimpa Mwanaharusi glovu, akambandika kifuani kadi ndogo ya kupimia mionzi, akamwomba asiguse kitu bila kuambiwa.

"Mionzi ya humu inaua?" aliuliza Mwanaharusi.

"Kwa kiasi hiki, hapana. Ukiuvuta unga wake puani kila siku kwa miaka, hapo tutazungumza mengine."

Juu ya meza, ndani ya trei, lilikaa sanduku la alumini la ukubwa wa mkoba wa wakili. Kifuniko kilikuwa wazi. Ndani mlijaa sponji nyeusi iliyotobolewa matundu saba, na katika kila tundu kulikaa kibati cha shaba cha mviringo, kipana kidogo kuliko sarafu. Vilipangwa mstari mmoja, namba moja mpaka saba, na namba nne katikati. Wenyewe waliviita vidonge. Amin alipitisha kipima mionzi chake juu ya sanduku, kikawa kinalia taratibu, tik, tik. Kilipofika katikati kililia kwa haraka, tiktiktiktik, akakiondoa.

"Namba nne," alisema. "Unga umetoka. Si mwingi, lakini umetoka, na sheria haitazami wingi."

"Haya, niambie sasa. Unga wa nini, na unakwenda wapi? Nieleze kama unamweleza shangazi yako."

Amin alimtazama Dokta Zeyana kuomba ruhusa, naye akaitikia kwa kichwa. Basi akaeleza. Mchanga mweusi wa fukwe za upande wa Saadani una chembe za monazaiti, na ndani ya kila chembe mna thoriamu, madini yenye mionzi. Swali la watu wa kule ni moja: thoriamu ile imefungwa ndani ya chembe isitoke, au inayeyuka kidogo kidogo na kuingia kwenye visima na mashamba ya chumvi? Hakuna darubini hapa nchini ya kulijibu. Linajibiwa na sinkrotroni, na sinkrotroni iko ng'ambo.

"Ni mtambo wa duara, afande. Ukiuzunguka kwa miguu utatoka jasho. Ndani yake elektroni zinakimbizwa kwa kasi ya ajabu, na kila zikipindishwa kona zinatoa eksirei, kali na nyembamba. Unailenga kwenye chembe moja tu ya mchanga. Ukisoma inavyorudi, unajua thoriamu imekaa wapi na imeshikana na nani."

"Imeshikana na nani," alirudia Mwanaharusi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake mwenyewe miaka ishirini na mbili, na hakuna aliyempa mtambo. "Na foleni?"

"Miaka miwili," alidakia Dokta Zeyana. "Nimesubiri miaka miwili kupewa siku tatu. Ndege ni kesho. Vidonge sita vilivyobaki vinaweza kusafiri, lakini kibali hakitolewi mpaka Amin aandike nini kilitokea na nani amefanya. Mwisho saa tisa leo. Ikipita, siku zangu wanapewa wengine, na mimi narudi mkiani."

Mwanaharusi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro. Akainama juu ya sanduku.

Kila kidonge kilikuwa na tundu katikati lenye chembechembe nyeusi, na juu yake karatasi mbili za plastiki ya rangi ya asali, zimegandishwa kwa gundi pembeni. Kwenye namba nne gundi ilikuwa imetiririka, na plastiki zote mbili zimeinua ukingo.

"Imekatwa?"

"Haijakatwa," alisema Amin. "Wala haijachanwa. Plastiki hii haidhuriki na moto mdogo. Gundi ndiyo inayolegea, ikipata joto kama la chai inayochemka."

"Na hivi vingine?"

"Namba tatu na tano, gundi imejikunja kidogo. Mbili na sita, kidogo sana, karibu huoni. Moja na saba ni vipya kabisa."

Mwanaharusi aliandika hayo kwanza, kwa herufi kubwa. Dokta Zeyana naye hakungoja kuulizwa. Alitoka, akarudi na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa mashine ya kupuliza hewa ya moto, ile ya kukaushia rangi, yenye jina la Najim limeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye mpini. Cha pili kilikuwa daftari la getini, alilolifungua ukurasa wa jana.

"Jumapili, maabara imefungwa, hakuna kazi. Najim ameingia saa kumi jioni, ametoka saa kumi na mbili. Peke yake. Ana mashine ya moto kwenye droo. Na ana gere, afande, gere imemjaa mpaka kooni. Maombi ya mtambo nimeandika mimi, jina langu limetangulia, yeye ni wa pili. Tangu siku ile hanisalimii mpaka nimsalimie. Unataka nini tena?"

"Nataka kumwona."

"Atakana."

"Wote hukana, Dokta. Nawapenda hivyo hivyo."

Dokta Najim alikuwa bandani nyuma ya jengo, anachekecha mchanga. Mwanaharusi alimwomba Dokta Zeyana abaki ndani, naye akabaki kwa shingo upande. Najim alikuwa mtu wa Mlingotini, mfupi, ana mvi mbili tatu kabla ya wakati wake, mikono imechubuka kama ya fundi mwashi. Aliweka chekeche chini, akamwamkia, akangoja.

"Umeshasikia kilichotokea?"

"Nimesikia kidonge kimevuja. Hakuna aliyeniambia kipi."

"Namba nne."

Najim aliketi juu ya gunia, akavua miwani, akaifuta kwa shati ambalo lilikuwa chafu kuliko miwani. Mwanaharusi alikuwa ameshaona watu wengi wakijifanya kushtuka, na kwa kawaida wanashtuka juu, kwenye nyusi na mdomo. Huyu alishtuka magotini.

"Ile ilitoka kwenye mdomo wa mto," alisema mwishowe. "Siku tatu nilikaa juani na kikuzio jichoni, nikichagua chembe moja moja kwa kibano. Chembe mia mbili na kumi. Kati ya zote saba, ile ndiyo ingesema kitu. Nyingine ni za kulinganishia tu."

"Dokta Zeyana anajua hivyo?"

"Anajua. Ndiyo maana aliiweka katikati."

"Anasema una wivu naye."

"Ninao. Andika." Alivaa miwani. "Mchanga nimeutafuta mimi. Kila mfuko nimeubeba mgongoni. Yeye amekaa kwenye kiyoyozi akaandika kurasa arobaini za Kiingereza kizuri, na wazungu wakamjua yeye. Kesho anapanda ndege. Usiku nikilala naiona ile ndege. Sasa ukiniuliza kama nina roho ya kwa nini, ninayo, na inanichoma."

"Basi ukaingia jana na mashine ya moto."

"Afande, ningekuwa mtu wa kutenda, ningeiiba. Ningeificha chini ya kitanda nikawa naitazama. Kuiharibu nisingeweza. Ni yangu ile."

Mwanaharusi alijua wivu wa aina hiyo. Aliishi na mke mwenza miaka sita kabla ya kuachika, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutaka mume apatwe na baya. Alitaka mume awe wake, mzima, na mwenzake apotee. Hakumwambia Najim hayo. Alifungua ukurasa mpya.

"Jana ulifuata nini hapa? Saa mbili nzima."

Najim aliangalia mchanga. Hapo ndipo uso wake ulipoingia aibu, na Mwanaharusi akalifahamu hilo, maana mtu anayeungama wivu bila kuona haya halafu anaona haya kwa jambo dogo, lile dogo ndilo la kulishika.

"Nilikuja kuliangalia sanduku, kule ghalani linakowekwa."

"Una ufunguo wa ghala?"

"Sina. Lina dirisha la wavu. Nilitaka kulitazama tu, kabla halijaondoka. Mtu mzima mimi, nimesimama juu ya ndoo nachungulia."

"Ukaliona?"

"Sikuliona. Rafu ilikuwa tupu. Nikadhani Amin amelihamisha, nikakaa hapa bandani nikanung'unika mpaka jua likazama. Mashine ya moto sijaishika tangu mwezi wa Ramadhani."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nini? Kwamba nilipanda ndoo?"

Mwanaharusi alirudi ndani polepole. Akamwita Amin pembeni. Je, amelihamisha sanduku mwisho wa wiki? Amin aliapa hajaligusa tangu Ijumaa adhuhuri, alipolifunga. Leo saa mbili asubuhi amelikuta kwenye rafu yake, kufuli ya tarakimu imefungwa vizuri. Ufunguo wa ghala anao yeye na Dokta Zeyana, na tarakimu za kufuli wanazijua wao wawili.

Neno la Najim lilikuwa peke yake, halina shahidi, na limetoka kwa mtu mwenye kila sababu ya kusema uongo. Mwanaharusi alikwenda tena mezani.

"Nifungie kifuniko," alimwambia Amin. "Sasa kigeuze sanduku. Nataka kuona chini."

"Chini nimepangusa kwa kitambaa, nikapima. Hakuna mionzi, ni vumbi tu."

"Mimi sitafuti mionzi."

Amin alifunga, akaligeuza sanduku kwa mikono miwili. Pale chini, katikati kabisa, kulikuwa na duara la weusi hafifu, pana kama mdomo wa bakuli la uji. Sehemu kubwa ilikuwa imepanguswa na kitambaa cha Amin, lakini ukingo ulibaki. Mwanaharusi alipitisha kidole chenye glovu, akakitazama. Masizi.

"Sponji ile ina chini yake?"

"Haina. Imetobolewa mpaka mwisho. Vidonge vinakaa juu ya bati lenyewe."

"Kwa hiyo joto limetoka chini, katikati, likaenda likipungua. Nne imepata zaidi, tatu na tano kidogo, moja na saba hazikupata. Mashine ya Najim ingepuliza kutoka juu, na sponji ndiyo ingeanza kuyeyuka."

Mwanaharusi alikuwa ameshainama kwenye ubavu wa sanduku, kwenye kitundu cha hewa kinachozuia lisivimbe ndani ya ndege. Aliweka pua pale. Akavuta pumzi.

"Nimekwambia usivute..."

"Nyamaza kidogo, mwanangu. Unasikia harufu gani hapa?"

Amin alisogea kwa woga, akanusa. "Udi. Ya Dokta Zeyana hiyo. Kila kitu humu kinanukia udi, tumeshazoea."

"Na chini ya udi?"

Alinusa tena. Akakunja uso. "Kama kitunguu kilichooza."

Mwanaharusi alisimama wima, na kwa mara ya kwanza siku ile alivuta kiti akaketi. Harufu ile aliijua tangu usichana wake. Ulikuwa mvuje. Siku alipoletewa mke mwenza, mama yake alikuja na chetezo mpaka chumbani, akafukiza kitanda, mito, mpaka kanga za ndani, kwa udi na ubani na kipande cha mvuje, na nyumba ikanuka siku tatu. Udi watu wa pwani wanajifukiza ili wapendeze. Mvuje hakuna anayejipamba nao. Mvuje unatiwa motoni kwa sababu moja, kumkinga mtu na kijicho.

"Mama yake Dokta Zeyana anakaa wapi?" aliuliza.

"Bi Taghreed? Nyuma ya duka lao la vitambaa, hapo karibu na msikiti. Kwani kuna nini, afande?"

"Hakuna. Nimeishiwa dawa."

Nyumba ya kina Darwesh haikuwa hata robo saa kwa miguu. Mwanaharusi alipiga hodi kwenye mlango wa nyuma, akakaribishwa ndani na sauti kabla ya kumwona mwenye sauti. Bi Taghreed alikuwa ameketi kwenye jamvi, anachambua mchele kwenye ungo, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, mdogo wa umbo na mwepesi wa macho.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, kaa. Askari wewe, au nguo tu?"

"Askari. Lakini nimekuja na haja ya kike." Alivua viatu, akaketi. "Nimeambiwa hapa hapakosekani mvuje mzuri. Nina binti yangu anasafiri, na watu macho yamewatoka."

Bi Taghreed aliweka ungo chini papo hapo. Ukitaka mtu akupende, muulize kitu anachokijua. Alinyanyuka, akaleta kopo, akalifungua, na harufu ikawafikia wote wawili.

"Huu unatoka Maskati, si huu wa dukani uliochanganywa unga. Binti anakwenda wapi?"

"Ulaya. Kusoma."

"Basi usimfukize yeye peke yake. Kosa la watu ni hilo. Mwili unaufukiza, mzigo unauacha, na jicho linaingilia kwenye mzigo. Wangu mimi anaondoka kesho. Jumamosi nilifukiza nguo zake, viatu, na kile kisanduku chake cha bati."

"Kisanduku cha kazini?"

"Alikuja nacho Jumamosi mchana, akakisukuma mvunguni. Nikamwuliza, akasema, mama, kikibaki kule Najim atakifanyia ubaya, anakitazama kwa jicho baya. Nikasema basi hicho ndicho cha kukikinga. Alipoingia kuoga nikakitoa. Kimefungwa kwa namba, sikuweza kukifungua. Nikakiweka juu ya chetezo hivyo hivyo, nikakifunika na kanga mbili moshi usitoroke. Nikasoma niliyoyasoma. Kilikaa mpaka makaa yakafifia."

Alionyesha chetezo kwenye pembe ya ukumbi, cha udongo, kipana. Mwanaharusi alikitazama mdomo wake. Hakuhitaji kupima.

"Zeyana alijua?"

"Nimwambie ili anicheke? Wasomi hawa. Nilikirudisha mvunguni, na leo alfajiri akaondoka nacho. Safari itakuwa salama, inshallah." Alisita, akamtazama Mwanaharusi vizuri kwa mara ya kwanza. "Huna binti anayesafiri wewe."

"Sina, bi mkubwa. Nisamehe."

Mwanaharusi akamweleza yote, taratibu, bila kuacha kitu. Bi Taghreed alisikiliza mikono ikiwa juu ya kopo. Alipoelezwa habari ya gundi, alifumba macho.

"Mimi nimemharibia."

"Umeharibu kidonge kimoja. Kumsingizia Najim si kosa lako wewe."

Mwanaharusi alipiga simu maabara. Haikupita nusu saa Dokta Zeyana akafika, na Amin nyuma yake amebeba kipima mionzi. Amin alikipitisha mvunguni, juu ya kanga, juu ya chetezo. Kilitoa tiki moja moja za kawaida, zile zinazosikika popote, na watu wote wakapumua, ila Dokta Zeyana. Yeye alikuwa ameliona kopo la mvuje limewekwa wazi mbele ya askari.

"Kaa, Dokta," alisema Mwanaharusi. "Kuhusu chetezo hukujua, na mimi nakuamini. Kulileta sanduku nyumbani ulijua."

"Nililichukua kulilinda. Ningeliacha kule na mtu yule? Nililirudisha saa kumi na mbili asubuhi. Najim aliingia saa moja, Amin akalipima saa mbili. Saa nzima, afande. Alikuwa na saa nzima."

"Saa hiyo hukuniambia. Ulinionyesha daftari la Jumapili."

Bi Taghreed alikuwa anamtazama mwanawe.

"Jumapili sanduku lilikuwa hapa, mvunguni mwa kitanda chako," aliendelea Mwanaharusi. "Najim akiwa kule na mashine yake ya moto au bila mashine, angechoma nini? Ulijua hakuwa na cha kuchoma. Na bado ulinifungulia ukurasa ule kwa mkono wako, ukaniambia niandike."

"Nilikuwa na hakika ni yeye." Sauti ya Dokta Zeyana ilikuwa imeshuka. "Nilichokosa ni siku tu. Ningesema leo asubuhi, ungeuliza sanduku lilikuwa wapi kabla ya hapo. Kwa hiyo nikakupa Jumapili."

"Yeye amekiri ana gere na wewe. Mchana kweupe, bila kuulizwa mara mbili. Wewe je?"

Dokta Zeyana alisema akimtazama mama yake, "Mimi nina shahada tatu. Yule akikaa juani na kikuzio anaiona chembe yenye thoriamu kwa macho. Anasema hii, halafu hii, halafu hii. Mimi nikizipeleka kwenye mashine, zote ni zenyewe. Miaka minne hajakosea. Kila nikimwona ameinama kwenye ule mchanga naumia hapa." Aligusa kifua. "Nilitaka kitu kimoja ambacho yeye hawezi kukigusa. Nikapata zile siku tatu."

Amin alikohoa. Alikuwa amekunja fomu ya kibali mkononi mpaka imelowa jasho. "Dokta, mimi lazima nilisome jambo hili kama lilivyo. Aliyelitoa sanduku nje ya ghala bila kuandika haruhusiwi kusafiri nalo. Lakini chanzo kikishajulikana, vidonge sita vinaweza kwenda, na mtafiti wa pili. Kwenye barua ya mtambo majina ni mawili, na viza mlipewa pamoja."

"Najua barua ina nini. Nimeiandika mimi."

Ilikuwa saa saba na robo. Mwanaharusi alitoa karatasi mbili kwenye mkoba, akaziweka juu ya jamvi, na kalamu juu yake.

"Maelezo haya nitayaandika mimi, au utayaandika wewe. Nikiandika mimi, neno la kwanza litakuwa uongo uliompa polisi. Ukiandika wewe, unaweza kuanzia pale ulipolibeba sanduku. Yote ni kweli, lakini hayasomeki sawa."

Dokta Zeyana aliitazama ile kalamu muda mrefu. Miaka miwili ya foleni ilikuwa pale mbele yake, na kila aliyekuwemo ukumbini alijua. Kisha akaivuta karatasi magotini, akaanza kuandika kwa mwandiko mdogo, ulionyooka, bila kufuta popote. Alijaza ukurasa na nusu. Akatia sahihi, akampa Amin bila kumpa Mwanaharusi, akainuka akaenda kunawa uso.

Bi Taghreed alimngoja atoweke. Akakata kipande cha mvuje kwenye kopo, akakifunga ndani ya kitambaa cheusi, akakishona kwa sindano haraka kama wanavyoshonewa watoto wachanga, akaacha uzi mrefu wa kufungia. Akamtia Mwanaharusi mkononi.

"Mpe Najim, kijana wa watu. Mtu amfunge mkononi, asivue mpaka afike."

"Atakingwa na nani, bi mkubwa?"

Bi Taghreed alitazama upande wa bafuni, maji yalikokuwa yanamwagika. "Jicho la leo nalijua linakotoka," alisema. "Nimelizaa."

Saa nane na nusu walikuwa bandani wote wanne. Amin alikuwa ameshatuma fomu. Najim alisimama mbele ya sanduku lenye vidonge sita, tundu la katikati likiwa tupu, na alikuwa hajui aweke wapi mikono yake. Alikuwa amepewa kitu alichokililia, na kimemjia bila kile alichokipenda zaidi. Dokta Zeyana alimkabidhi daftari la mpangilio wa vipimo, akamtajia tarakimu za kufuli, akamweleza chembe ziwekwe pembe gani mbele ya miale. Alieleza vizuri, mara mbili pale pagumu. Hakumtazama usoni, wala hakuomba radhi mpaka alipomaliza. Aliomba kwa maneno machache, naye Najim akajibu kwa machache zaidi.

Ndipo Mwanaharusi alipokitoa kile kifundo cheusi.

Najim alikinusa, akarudi nyuma. "Mvuje? Wa nini?"

Mwanaharusi alimtazama Dokta Zeyana. Halikuwa lake la kujibu.

"Lete mkono," alisema Dokta Zeyana. Alikichukua kile kitambaa, akazungusha uzi kwenye kifundo cha mkono wa Najim uliochubuka, mara tatu. "Mama amekutengenezea. Ni wa kukukinga na mimi."

Najim alitaka kucheka, akaona mwenzake hacheki.

"Ulegeze basi," alisema. "Unabana."

"Acha ubane," alisema Zeyana, akafunga fundo la pili.